Punje Zenye Mstari Mweupe

SURA YA SITA

Saa mbili na robo asubuhi Inspekta alimwaga punje ishirini za kahawa juu ya karatasi nyeupe na kuzipanga mistari minne. Zilitoka kwenye mkebe wa marehemu, kielelezo namba tatu. Machoni pake zilikuwa punje kama punje nyingine: kahawia iliyokolea, upande mmoja umevimba, upande wa pili bapa, na katikati ya ubapa huo mfereji wenye mstari mweupe, mwembamba kama uzi wa cherehani.

Upande wa pili wa meza alikaa mhudumu wa ofisi ya marehemu, mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Shangazi. Alikuwa amelala mahabusu usiku tano. Saa nane mchana angepandishwa kizimbani kwa shtaka la kumwua mwajiri wake kwa sumu.

"Niambie tena," alisema Inspekta.

"Mara ya ngapi sasa, mwanangu?"

"Ya mwisho."

"Nilichukua punje kwenye mkebe wa Bosi. Nikasaga. Nikamimina maji ya moto, nikatia maziwa, nikapeleka. Vikombe vitano kwa siku, miaka tisa. Kama nilitaka kumwua, si nimechelewa sana?"

"Mkebe hujazwa na nani?"

"Ulimi. Yule mwonjaji. Kila Jumatatu anakuja na mfuko wake wa karatasi, anamimina mbele ya Bosi. Bosi haonji kahawa nyingine. Moyo wake, unajua."

Inspekta alijua. Ripoti ya daktari ilikuwa mbele yake. Marehemu alikuwa na maradhi ya mapigo ya moyo, na kwa miaka sita alikuwa amekatazwa kafeini, hata chembe. Alhamisi saa nne asubuhi alianguka juu ya meza yake akiwa kwenye kikombe cha pili. Damu yake ilikutwa na kafeini, na kikombe pia. Kwa mtu mwingine kiasi kile kingemnyima usingizi tu. Kwake kilitosha kuusimamisha moyo.

Alirudisha punje kwenye mfuko angavu, akauziba, akautia mkobani.

"Wale wanaokuja kunitazama dirishani wanasema nilimwekea unga," alisema Shangazi. "Unga gani huo? Mimi najua wa maandazi."

*

Binti wa marehemu alikuwa akimngoja juu ya ngazi za kiwanda. Tangu Ijumaa alikuwa amekalia kiti cha baba yake, na funguo za ghala zilining'inia mkandani mwake.

"Bado unauliza maswali? Mwuaji umeshamfunga."

"Nimemzuia. Kufunga ni kazi ya hakimu."

"Basi mwambie hakimu nataka aozee humo. Baba alimfokea mbele ya wageni, naye akaweka kinyongo. Hapa tunatoa kafeini kwenye kahawa, Inspekta. Hiyo kafeini inakwenda wapi? Inakuwa unga. Na yeye anafagia kila chumba. Baba anashika kifua tangu Jumatatu, yeye anamletea vikombe huku anatabasamu."

"Tangu Jumatatu?"

"Jumatatu mchana. Nilikuwa naye mezani, akaacha chakula. Kwa nini?"

Inspekta aliandika: Jumatatu mchana. Kisha akauliza chumba cha mwonjaji kiko wapi.

Kilikuwa mwisho wa ukumbi, kina dirisha kubwa na meza ya duara inayozunguka. Juu ya meza palikuwa na vikombe kumi na viwili visivyo na mkono, na kando yake ndoo ya bati ya kutemea. Mwonjaji alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, kucha fupi, nguo zisizo na harufu ya sabuni wala ya manukato. Kwenye mkono wa kushoto alivaa pete mbili za ndoa, kubwa kwenye kidole chake, ndogo kwenye kidole cha mwisho, imekwama kwenye kifundo.

"Karibu, mama. Kaa popote. Usiguse kijiko hicho tu."

Alichota kahawa, akaifyonza kwa sauti kali, akaizungusha mdomoni, akaitema ndooni. Kisha akaandika kwenye daftari pana lenye safu: tarehe, kundi, harufu, uzito, uchungu, na mwisho kabisa safu ya uamuzi. Karibu kila mstari uliishia kwa neno "Ipite". Mmojammoja uliishia kwa "Irudishwe".

"Humezi?"

"Kuonja ni kazi. Kunywa ni jambo lingine. Nina miaka thelathini na moja hapa, sijamaliza kikombe. Nyumbani nakunywa maji."

"Nataka kujua kafeini inatolewa vipi."

"Inatolewa kwenye buni, ikiwa mbichi. Ikishakaangwa umechelewa." Alisogeza vikombe viwili kando ili kupata nafasi ya mikono yake. "Kwanza mvuke, buni ivimbe, ilainike. Halafu maji ya moto. Maji yanachukua kafeini, lakini yanachukua na utamu wote pamoja. Hayana adabu, yanabeba kila kitu. Buni hiyo ya kwanza tunaitupa."

"Mnaitupa?"

"Imebaki kuni. Tunachotaka ni yale maji. Tunayapitisha kwenye mkaa maalumu wenye vitundu vidogo. Kafeini inanasa, utamu unapita. Sasa tuna maji yaliyoshiba. Yamejaa kila kitu cha kahawa isipokuwa kafeini. Ukitia buni mpya humo, yatachukua nini? Mgeni aliyeshiba wali na nyama hagusi sahani. Atachukua kile tu ambacho hajakila. Yanachukua kafeini, mengine yanaiachia buni yenyewe. Saa kumi, tunakausha, basi."

"Na kafeini iliyonasa kwenye mkaa?"

"Mkaa unachomwa tanurini, kafeini inaungua nao."

"Kwa hiyo hakuna unga."

"Viwanda vinavyotumia dawa au gesi hupata unga, vikauza. Sisi tunapata mkaa mchafu."

Inspekta alipiga mstari chini ya sentensi hiyo. Nadharia ya binti ilikuwa imebaki bila silaha.

"Wewe ndiye uliyejaza mkebe Jumatatu."

"Ndiye."

"Kwa kahawa gani?"

"Ya kiwanda hiki. Isiyo na kafeini. Pakiti yenyewe ile pale."

Ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, tupu, imekatwa kwa mkasi, mkato ulionyooka. Lebo yake ilikuwa na moyo mwekundu na maneno: Salama kwa moyo. Inspekta alivaa glavu, akaichukua.

"Uliongeza kitu?"

"Sikuongeza, sikupunguza."

Alijibu bila kusita, na Inspekta aliona kwamba alisema kweli, jambo lililomsumbua zaidi kuliko kama angedanganya. Kwenye trei mbele yake palikuwa na punje zilizokaangwa. Alizitazama kwa mazoea tu, kisha akazitazama tena. Alitoa mfuko angavu mkobani na kuuweka kando ya trei.

Mifereji ya punje za trei ilikuwa myeusi tupu. Hazikuwa na uzi.

"Hizi ni zipi?"

"Sampuli ya leo, kutoka tangi dogo. Isiyo na kafeini."

"Na huu mstari mweupe kwenye zangu?"

"Ngozi ya ndani ya punje. Inayofunika nje hupukutika motoni, ikawa makapi. Inayojificha mferejini hubaki."

"Kwenye zako haimo."

"Zimelala majini saa kumi. Ngozi imeoshwa ikaisha." Mzee aligeuza meza taratibu mpaka kikombe kingine kikamkabili. "Mimi ni wa vijiko, mama. Habari za makapi muulize mkaangaji."

Simu ya Inspekta ilitikisika. Alitoka ukumbini. Alikuwa mkemia wa maabara, aliyepelekewa sehemu ya punje za mkebe jana jioni.

"Nimeziosha kwanza, kama ulivyotaka," alisema. "Maji ya kuoshea hayana kitu. Hakuna aliyezipaka wala kuzinyunyizia. Kafeini imo ndani ya punje, asilimia moja nukta mbili."

"Sumu yenyewe ni ipi?"

"Inspekta, hiyo si sumu. Hiyo ni kahawa."

*

Banda la kukaangia lilikuwa na joto la kutosha kukausha shati. Mkaangaji alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Ubao ukutani ulisema kwa chaki: Wiki hii, isiyo na kafeini pekee. Nyuma ya mlango wa uani Inspekta alihesabu magunia kumi na moja ya makapi, mepesi, yanapeperuka kila upepo ulipopita.

"Ya lini haya?"

"Ya wiki hii, afande. Chukua ukitaka, weka chini ya kuku."

"Nikaangie hii." Alimpa bakuli la buni iliyooshwa ya tangi dogo, alilolipata kwa mwonjaji, rangi yake kama ngozi ya kiatu kikuukuu.

Mkaangaji aliitia kwenye mashine ndogo ya sampuli. Dakika kumi baadaye Inspekta alivuta droo ya makapi. Ndani palikuwa na kiasi cha kijiko cha chai. Kisha alikwenda kwenye rundo la magunia yanayongoja moto, yote yamepigwa muhuri wa "isiyo na kafeini", akafungua moja mwenyewe. Buni ilikuwa ya kijani.

"Sasa hii. Kiasi kilekile."

Safari hii droo ilijaa mpaka makapi yakamwagika sakafuni. Mkaangaji hakucheka.

"Kwa jinsi ulivyonionyesha," alisema Inspekta, "magunia kumi na moja ya makapi hayatoki kwenye kahawa iliyooshwa."

"Afande, mimi nakaanga ninacholetewa. Naona gunia, sioni moyo wa mtu."

"Matangi makubwa yanafanya kazi?"

"Yalipasuka. Miaka miwili sasa. Vipuri havikuja, maagizo hayakungoja. Bosi akasema pigeni muhuri tu, nani atajua? Na kweli, nani alijua? Hata ulimi haujui. Uchungu wa kahawa hautoki kwenye kafeini, ni kidogo sana."

"Na mwonjaji?"

"Yule analetewa trei ya tangi dogo. Hiyo ni safi. Ile ile ndiyo ya mkebe wa Bosi, na ya wageni wakija. Bosi alituambia: Ulimi asiambiwe, ulimi wake ndio saini yetu."

"Hajawahi kufika hapa?"

Mkaangaji alifuta shingo kwa kitambaa. "Mwezi uliopita. Alisimama hapo hapo uliposimama. Akatazama makapi, akaokota moja akaliweka kiganjani. Nikamwambia, mzee, umepotea njia? Akanisalimia vizuri, akaondoka."

"Mkewe alifariki lini?"

Ilikuwa mara ya kwanza Inspekta kumtaja mke. Alikuwa amezihesabu pete, basi.

"Ana miezi minane. Moyo."

*

Saa sita na dakika kumi alirudi chumba cha mwonjaji, akafunga mlango na kuketi. Mzee alikuwa amesafisha vikombe vyote na kuvipindua juu ya kitambaa.

"Mkeo alikuwa akinywa kahawa ya hapa."

"Miaka miwili. Daktari alimkataza ile nyingine. Nikamwambia usijali, mama watoto, hii naipitisha mimi mwenyewe. Kila mwezi wafanyakazi tunapewa pakiti mbili. Nilimpa zote." Alisema kama anayesoma safu za daftari lake. "Alikuwa akilalamika moyo unamdunda. Nikamwambia ni ngazi za nyumba."

"Ulijuaje?"

"Nilikuwa nafungua makabati yake ili nigawe vitu. Pakiti ya mwisho ilikuwa imebaki robo. Nikaimwaga mezani."

"Mstari mweupe."

"Kila punje. Mtoto wa wiki moja katika kazi hii angeuona. Mimi sikuwahi kufungua pakiti hata moja nyumbani. Nimeshinda na kahawa mchana kutwa, sikutaka kuiona jioni. Hilo ni langu. Silitupi kwa mtu."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

"Nilikuja. Tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, saa tatu asubuhi, kaunta ya mbele. Nikaweka pakiti mezani. Kijana wenu akaniuliza, mzee, kahawa imemwua mkeo, au umri? Wenzake wakacheka. Akanipa pole. Nilipoleta pakiti, mlinipa pole. Nilipoleta maiti, mmeleta maabara."

Inspekta aliandika tarehe na saa. Kitabu cha matukio kingekuwa nayo au kingekosa; vyote viwili vilikuwa ushahidi.

"Kwa hiyo Jumatatu ulinunua pakiti."

"Dukani, pale njia panda. Nina stakabadhi. Nikaimimina kwenye mfuko wangu wa karatasi, nikajaza mkebe mbele yake. Alinishukuru. Alijua kuuza, punje hakuzijua."

"Ulitaka afe."

"Nilitaka anywe anachouza."

"Hilo si jibu."

"Nilitaka afe," alisema mzee, kwa sauti ileile. "Na nilitaka ajue. Alhamisi, saa nne kasoro, niliingia nikamwekea pakiti tupu mezani, karibu na kikombe. Akasoma lebo yake mwenyewe. Akatazama kikombe, akanitazama. Niliona ilivyomwingia. Nikachukua pakiti yangu, nikarudi kazini. Shangazi ndiye aliyepiga kelele za kuomba msaada."

"Na Shangazi yuko mahabusu siku ya sita."

Kwa mara ya kwanza mikono ya mzee ilitafuta kitu cha kushika, ikakuta kijiko.

"Nilidhani mtapima punje siku ya kwanza. Mlipima kikombe."

"Ungeweza kusema."

"Ningesema, ningekuwa mjane mwenye wazimu, na ghala lingekuwa tupu kabla ya jioni. Saa nane ningekuja mahakamani, niseme mbele ya hakimu. Nguo ziko pale." Koti lilining'inia nyuma ya mlango, limepigwa pasi.

Inspekta hakuandika hilo. Koti halithibitishi kitu.

"Unajua ugumu uko wapi," alisema. "Ili nikushtaki kwa kuua, lazima nithibitishe kwanza kwamba pakiti ile si kama lebo inavyosema. Na kwamba kilichomo chaweza kumwua mgonjwa wa moyo. Nahitaji vielelezo kutoka kila rundo ghalani."

"Najua. Nilifikiri hivyo mwezi mzima. Ili mnifunge, lazima serikali iniambie nina haki."

"Hati ya upekuzi itachukua siku tatu. Katika siku tatu ghala litahamishwa. Bila hati, nahitaji saini ya mwenye mali."

"Atasaini."

"Akisaini anafunga kiwanda cha baba yake, na jina lake."

"Nimemwona tangu anatambaa chini ya meza hii. Hasira za baba yake anazo zote, hesabu zake hana. Mwite."

Binti aliingia bila kuketi. Inspekta alimweleza kwa mpangilio: punje, makapi, matangi, pakiti, mkebe. Hakupunguza wala hakupamba. Ilipofika Jumatatu, binti aliacha kumtazama Inspekta, akamgeukia mzee.

"Nilikuita baba mdogo," alisema. "Nilikuja kwenye mazishi ya mkeo."

"Ulikuja. Ukaleta kahawa pakiti sita, wafiwa wanywe. Mama mkwe wangu, mwenye moyo uleule wa mwanawe, alikunywa vikombe viwili."

"Sikujua."

"Najua hukujua. Ndiyo maana uko hai."

Nje, upepo ulipeperusha makapi machache yakanata kwenye kioo cha dirisha. Inspekta aliweka fomu ya ridhaa mezani na kalamu juu yake.

"Huna lazima," alisema. "Wakili wako atakwambia usisaini. Ukikataa, kesi ya huyu itakuwa dhaifu, labda hata isisimame, na kiwanda kitabaki na nafasi. Ukisaini, nina kesi. Lakini kila pakiti ghalani itapimwa, na majibu yatasomwa mahakamani."

"Akipatikana na hatia?"

"Hatatoka."

"Hata siku moja?"

"Kwa umri wake, hata siku moja."

Binti alifungua funguo kwenye mkanda, akazitupa juu ya meza ya duara. Meza ikazunguka nusu duara, ikazifikisha mbele ya Inspekta. Akainama, akasaini. Kalamu ilitoboa karatasi.

"Aozee humo," alisema. Yalikuwa maneno yaleyale ya asubuhi, kwa mtu mwingine. Alitoka na kuacha mlango wazi.

Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka. Ilikuwa saa saba kasoro robo. Alimwambia aondoe shtaka dhidi ya mhudumu, na Shangazi arudishwe nyumbani kwa gari la kituo, aketi mbele, si nyuma. Kisha akachukua daftari la mwonjaji na kufungua ukurasa wa mwezi uliopita. Alikuwa na hakika angeukuta mstari alioutafuta. Mtu aliyeandika kila alichoonja kwa miaka thelathini na moja asingeiruka pakiti ya mkewe.

Tarehe kumi na mbili. Kundi: kabati la mke wangu. Harufu: imepoa. Uzito: wastani. Uchungu: wa kawaida. Pembeni, nje ya safu: mfereji mweupe, punje zote. Safu ya uamuzi ilikuwa tupu.

Hapo ndipo kesi iliposimama. Siku mbili kabla ya kufika kaunta, wiki tatu kabla ya kujaza mkebe, alijua.

"Niazime kalamu," alisema mzee. "Sikuwahi kuacha mstari bila uamuzi. Ni neno moja tu."

"Hapana. Ni kielelezo sasa."

Mzee alilifikiria hilo kama anavyofikiria kahawa, macho yamefumbwa kidogo. Akavaa koti, akaikagua meza yake kwa mara ya mwisho, akakinyoosha kijiko kikae sambamba na vingine.

"Sawa," alisema. "Mahakama itajaza."

Inspekta aliliingiza daftari kwenye mfuko angavu, akaandika namba: kielelezo cha saba.